Utakatifu: njia nne za kuuelewa, na namna ya kuchagua

Umetoka ibadani moyo umejaa. Hujafika nyumbani, simu inaita. Ni ndugu yako, na ni lile lile deni la siku zote. Kabla hujakata simu umeshamtupia maneno yale yale uliyoyatubu wiki iliyopita. Unabaki umesimama kando ya njia, simu mkononi, unajiuliza: mimi ni mtakatifu wa namna gani?

Wapelekee Wakristo wanne makini swali hilo, utarudi na majibu manne. Wa kwanza atasema hiyo ni vita ya maisha yote, simama upigane tena. Wa pili atasema Mungu anaweza kuigusa hasira hiyo kwenye mizizi, mwombe leo leo. Wa tatu atasema tatizo lako ni kujaribu kwa nguvu zako, jisalimishe. Wa nne atasema nenda ukaungame, kisha rudi mezani pa Bwana. Wote wameshika Biblia ile ile. Na wengi wetu tulilelewa katika jibu moja, tukalisikia la pili kwenye mkutano wa injili, la tatu tukalisoma kwenye kitabu cha kuazima, tukabaki tunayachanganya bila kujua kwamba kila moja lina historia na mantiki yake.

Hapa nimeyaweka bega kwa bega. Sitatangaza mshindi, ingawa hutakosa kuona ninapovutwa.

## Kwanza neno lenyewe

Kiswahili kinatusaidia na kutuponza kwa wakati mmoja. "Mtakatifu" limetoka katika kutakata, yaani kuwa safi, kama maji au nguo. Ndiyo maana sikio letu likisikia utakatifu huwaza doa kwanza: lipo au halipo? Kiebrania cha Agano la Kale kinaanzia kwingine. *Qadosh* ni kile kilichotengwa, kilicho cha Mungu. Musa alipoambiwa avue viatu mbele ya kile kijiti kilichowaka moto, mchanga wa pale haukuwa safi kuliko mchanga wa hatua kumi nyuma yake. Ulikuwa mtakatifu kwa sababu ya Aliyekuwapo.

Paulo naye aliwaandikia Wakorintho akiwaita waliotakaswa katika Kristo Yesu. Soma barua yenyewe uone ni watu gani: wanashtakiana mahakamani, na wengine wanalewa kwenye meza ya Bwana. Wamekwisha kuwa wa Mungu, ila kutakata bado. Njia zote nne zinakubali hilo la kwanza. Zinaachana pale zinapoulizwa usafi unafuataje, na unakuja lini.

Jambo jingine kabla hatujaendelea. Sura ya 19 ya Walawi inaanza kwa amri ya kuwa watakatifu kwa sababu Bwana ni mtakatifu, na mtu angetarajia ifuate orodha ya sala na mifungo. Yanayofuata, pamoja na Sabato na dhabihu, ni kuacha masazo ya mavuno kwa maskini na mgeni, kutolaza ujira wa kibarua mpaka asubuhi, kutomwekea kipofu kikwazo, kutumia mizani ya haki. Nabii Zekaria anamaliza kitabu chake kwa picha ninayoipenda sana: maneno yaliyochorwa kwenye bamba la dhahabu la kuhani mkuu, kwamba ni mtakatifu kwa Bwana, yataandikwa kwenye kengele za farasi, na masufuria ya Yerusalemu nayo yatakuwa matakatifu. Njia yoyote utakayochagua, ikiwa haifiki kwenye sufuria na kwenye ujira wa mtu, kuna kitu imeacha.

## Vigezo

Nimetumia maswali matano kwa kila njia. Kazi ya kutakasa ni ya nani? Inachukua muda gani? Siku ukianguka unaambiwa nini? Njia hii huteleza wapi? Na inamfaa nani? La tatu nimelipa uzito zaidi. Siku nzuri kila fundisho linapendeza. Ukitaka kulijua, liulize lina nini la kukwambia ile saa umesimama kando ya njia na simu mkononi.

## Njia ya kwanza: vita ya maisha yote

Hii ni njia ya Wanamatengenezo, yaani Walutheri, Wapresbiteri, Wareformed, pamoja na Wabaptisti wengi na Waanglikana wengi.

Kazi ni ya nani. Ni ya Mungu, lakini muumini hakai kitako. Katekisimu fupi ya Westminster ya mwaka 1647 inatenganisha mambo mawili kwa makini: kuhesabiwa haki ni tendo la Mungu, mara moja, kama hukumu inayosomwa mahakamani; kutakaswa ni kazi yake inayoendelea, ambamo mtu anazidi kuifia dhambi na kuishi kwa haki. Usipozitenganisha hizo mbili, kila ukianguka utadhani umepoteza wokovu.

Muda. Mpaka kaburini. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563 inasema hata walio watakatifu kuliko wote, katika maisha haya, wana mwanzo mdogo tu wa utii huo. Luther aliufungulia mjadala wake wa mwaka 1517 hoja kwamba maisha yote ya muumini yawe toba. Ni yeye pia aliyefundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa pamoja, si nusu kwa nusu.

Siku ukianguka. Hushangai sana. Unatubu, unaushika tena ubatizo wako, unakumbuka kwamba haki yako iko kwa Kristo wala haijapungua tangu asubuhi. Kisha unapanga vita: hasira hii huanzia wapi, nani anaichochea, nitafanya nini simu hiyo ikiita tena?

Panapoteleza. "Sisi sote ni wenye dhambi" huanza kama ungamo na kuishia kuwa kisingizio. Nimekaa na watu wanaoweza kukueleza fundisho la utakaso bila kukosea nukta, na bado hawajamwomba mke msamaha mwaka mzima. Ukitarajia mwanzo mdogo tu, ni rahisi kuridhika nao.

Inamfaa nani. Mwenye dhamiri inayomtesa, anayejihesabia makosa usiku kucha. Pia mtu wa subira, anayeweza kulima shamba lile lile miaka ishirini.

## Njia ya pili: upendo kamili hapa hapa duniani

John Wesley (1703–1791) ndiye jina la kukumbuka hapa, na baada yake Wamethodisti, Jeshi la Wokovu, Kanisa la Mnazareti na makanisa mengine ya harakati ya utakatifu. Njia hii inaeleweka vibaya kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kazi ni ya nani. Ya Mungu, kwa imani, kama ilivyo kwa wokovu wenyewe. Wesley aliuliza hivi: ikiwa Mungu ameamuru tumpende kwa moyo wote na jirani kama nafsi zetu, je, anaamuru asichoweza kukitenda ndani yetu? Ukamilifu aliouhubiri ulikuwa ukamilifu wa upendo. Hakusema mtu atakoma kukosea, kusahau au kujaribiwa, na msemo "ukamilifu usio na dhambi" hakuutumia. Kwake dhambi, kwa maana kamili ya neno, ni kuivunja kwa makusudi sheria ya Mungu unayoijua. Ukilikosa hilo, utabishana na Wamethodisti mpaka asubuhi kila mmoja akizungumzia kitu chake.

Muda. Kuna ukuaji kabla, kuna saa ambapo Mungu anaijaza nafsi upendo, kisha kuna ukuaji baada. Wahubiri wa Kimethodisti wamekuwa wakiulizwa kabla ya kupokewa: je, unaendelea kuelekea ukamilifu? Je, unatarajia kukamilishwa katika upendo katika maisha haya? Wesley mwenyewe hakujitangaza kuwa amefika.

Siku ukianguka. Unakiri kwamba ni dhambi, si kawaida ya binadamu. Neema hii yaweza kupotea na yaweza kurudishwa. Na hauachwi peke yako. Wamethodisti wa mwanzo walikutana kila wiki katika vikundi vidogo, na swali la kwanza katika vile vya ndani lilikuwa: ni dhambi gani unayoijua uliyoitenda tangu tulipokutana? Hebu fikiria kulijibu hilo uso kwa uso, kila juma, mbele ya watu watano wanaokufahamu. Ile simu kwa ndugu yako isingekaa siri siku saba.

Panapoteleza. Ukishasimama mbele ya watu ukashuhudia kwamba umetakaswa kabisa, kesho hasira ikirudi utaiitaje? Hapo ndipo majina mapya huzaliwa. Mimi mwenyewe nilishuhudia hivyo ujanani, na kwa miezi kadhaa ukali wangu niliuita "msimamo". Waliokaa nami nyumba moja walikuwa na jina jingine.

Hatari ya pili ni kubaki na ushuhuda na kuacha vikundi. Wesley hakuwahi kuvitenganisha.

Inamfaa nani. Mtu aliyefanya amani na dhambi yake, ambaye hata kuomba aachwe huru ameshaacha. Anahitaji kuambiwa kwamba Mungu anaweza zaidi ya pale alipokata tamaa.

## Njia ya tatu: kujisalimisha na kutulia

Mwaka 1875, katika mji wa Keswick kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kasisi wa Kianglikana T. D. Harford-Battersby na rafiki yake Robert Wilson waliandaa mikutano ndani ya hema. Mikutano hiyo imeendelea mpaka leo, na lugha yake imesambaa kuliko jina lake. Ukisikia "acha kujitahidi, mwachie Mungu", "maisha ya ushindi" au "weka yote madhabahuni", unasikia mwangwi wa hema lile.

Kazi ni ya nani. Ya Kristo anayeishi ndani yako. Sehemu yako ni kujitoa kwake kabisa na kumtumaini, kama Warumi 6 inavyosema juu ya kujihesabu wafu kwa dhambi na kumtolea Mungu viungo vyetu. Tofauti na njia ya pili, hapa dhambi haing'olewi. Inazidiwa nguvu na Roho kwa kadiri unavyomtegemea.

Muda. Kuna saa ya uamuzi, kisha kutegemea dakika kwa dakika.

Siku ukianguka. Unaulizwa: ulishika wapi usukani tena? Unajitoa upya, unapokea, unaendelea. Ndugu wa uamsho wa Afrika Mashariki, ulioota mizizi Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 kwa kuathiriwa kwa sehemu na mafundisho ya Keswick, waliongeza jambo ambalo naona ndilo lililokuwa linakosekana: kutembea nuruni. Toba haikuishia rohoni kimya kimya. Ulimwendea uliyemkosea, ukamtajia kosa kwa jina lake, ukarudisha ulichochukua.

Panapoteleza. J. C. Ryle, aliyekuja kuwa askofu wa Liverpool, aliandika mwaka 1877 kuyapinga mafundisho ya namna hii. Hoja yake ni nzito: Agano Jipya linatumia maneno ya vita, mbio na kushindana, wala halimwambii muumini akae atulie. Na kuna watu wanaojitoa upya kila kongamano, kila mwaka, kwa jambo lile lile, mpaka kujitoa kwenyewe kunakuwa jitihada nyingine ya kuchosha.

Inamfaa nani. Mchovu. Mtumishi anayefunga, anaomba, anafundisha, na ndani amekauka. Kwake, amri ya kuongeza bidii ni kuni juu ya moto.

Neno kwa Wapentekoste, kwa sababu wengi huuliza wako wapi. Jibu linategemea tawi. William Seymour, wa uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, alitoka katika harakati ya utakatifu na kufundisha hatua tatu: kuokoka, kutakaswa, kisha kubatizwa kwa Roho. Assemblies of God, lililoanza mwaka 1914, halikuishika hiyo hatua ya katikati kama tukio la pekee. Kwake utakaso ni safari. Muulize mchungaji wako, na usishangae akisita.

## Njia ya nne: kushiriki uhai wa Mungu, mezani na katika sala

Wakatoliki na Waorthodoksi wanatofautiana kwa mengi, ila hapa wako upande mmoja kiasi cha kuwekwa pamoja.

Kazi ni ya nani. Ya neema inayotolewa kupitia ubatizo, Ekaristi na sakramenti nyingine, na ya mtu anayeitikia neema hiyo kwa sala, kufunga na matendo ya huruma. Waorthodoksi wanaipa picha ya ujasiri zaidi: kufanywa washirika wa uungu, kwa maneno ya 2 Petro 1:4, kama chuma kinachowekwa motoni kikachukua joto na mwanga wa moto bila kuacha kuwa chuma.

Muda. Maisha yote. Kwa Wakatoliki, anayekufa katika neema kabla kazi haijaisha husafishwa toharani. Waorthodoksi hawafundishi hivyo, ingawa wanawaombea marehemu.

Siku ukianguka. Una mahali pa kwenda na mtu wa kumwambia kwa sauti. Mkatoliki mwenye dhambi ya mauti hapaswi kupokea Komunyo kabla ya kitubio, yaani kuungama kwa padre. Kwa aliyezoea kutubu kichwani mwake tu, kusikia maneno yake mwenyewe mbele ya padre, kisha kusikia maneno ya ondoleo, ni jambo zito. Na kwenye liturujia ya Kiorthodoksi, padre huinua mkate na kutangaza kwamba vitakatifu ni kwa watakatifu. Hapo wote wangepaswa kurudi nyumbani. Lakini watu hujibu kwamba mtakatifu ni mmoja, Bwana ni mmoja, Yesu Kristo, na baada ya jibu hilo ndipo wanasogea mbele. Sijui kama kuna mahali pengine utakatifu umeelezwa kwa maneno machache namna hiyo.

Panapoteleza. Mazoea. Mtu anaungama orodha ile ile kwa sauti ile ile, kama anayelipa ada. Na kuna kishawishi cha kuwaachia utakatifu walio kwenye picha na sanamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliligusa hilo mwaka 1964 kwa kutenga sura nzima juu ya wito wa watu wote kwenye utakatifu, walei wakiwemo. Teresa wa Lisieux, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, tayari alikuwa ameishi fundisho hilo ndani ya konventi kwa njia yake ndogo: kuvumilia kero, kumtabasamia mtawa aliyemkera.

Inamfaa nani. Mtu ambaye imani yake imebaki kichwani au kwenye hisia, na anahitaji mwili, ratiba, meza na watu wa karne nyingine wa kutembea nao.

## Na mavazi je?

Nimeyaacha makusudi. Urefu wa sketi, hereni, muziki: kila moja ya njia hizi imewahi kuzaa watu waliopima utakatifu kwa hayo, na kila moja imewahi kuzaa watu walioyadharau kwa kiburi kile kile. Kanuni ya mavazi inaweza kuwa tunda la njia fulani. Ukiifanya ndiyo njia, haina cha kukwambia kuhusu ile simu.

## Ukichagua, anzia hapo ulipo

Kama unaishi kwa hofu kwamba kila kosa limekufuta kwa Mungu, anza na njia ya kwanza na ukae nayo muda mrefu. Usiguse mafundisho ya utakaso kamili kwa sasa, utayatumia kujipiga.

Kama huna hofu hata kidogo, na mara ya mwisho kutubu jambo mahsusi huikumbuki, njia ya pili itakuamsha. Lakini ichukue na vikundi vyake. Tafuta watu wawili au watatu wanaoweza kukuuliza lile swali la kila juma, na wewe uwaulize.

Kama wewe ndiye unayebeba wengine na umekauka, chukua ya tatu, ukimsikiliza Ryle kwa sikio moja.

Kama uko peke yako, unahama kutoka mahubiri ya mtandaoni hadi mengine na hakuna anayejua jina lako, ya nne itakupa nyumba. Kama hutaki au huwezi kuhama kanisa, angalau chukua kutoka kwayo mambo mawili: sala ya saa maalumu, na mtu mmoja wa kumwambia kwa sauti.

Kama mume na mke mnatofautiana, msianze kwa fundisho. Kila mmoja amweleze mwenzake siku akianguka hutamani kuambiwa nini. Mara nyingi mmoja anaogopa kulaumiwa, mwingine anaogopa kuachwa alivyo, na kila mmoja amechagua dawa ya hofu yake.

Kama dhambi yenyewe inamuumiza mtu mwingine, kwa kipigo, kwa wizi, kwa kumgusa mtoto, hapo hakuna njia kati ya hizi inayotosha kwa siri kati yako na Mungu. Aliyeumizwa anahitaji ulinzi kwanza, na vyombo vya sheria vina nafasi yao. Kiongozi anayekwambia yaishie kwenye maombi anakupoteza. Uraibu nao unahitaji tiba pamoja na sala.

Kama unatafuta kanisa, usiulize wanafundisha njia gani. Kaa na mshiriki wa muda mrefu, mwulize ni lini mara ya mwisho alimsikia kiongozi wa pale akiomba msamaha, na kwa kosa gani. Akikutajia tarehe na kosa, rudi Jumapili ijayo.

Na ndugu yako hahitaji kusubiri mpaka umalize kulinganisha. Mpigie leo kabla jua halijazama, na kama ni wewe unayedaiwa, anza na tarehe ya kulipa.